Binti Amekataa Udaktari

Kaka yangu anafundisha Lodwar. Nilipomtembelea likizo iliyopita, nilikuta nyumba haina amani. Bintiye wa Kidato cha Nne amekataa udaktari. Anataka kuwa mtafiti wa dawa mpya.

"Dada, zungumza na huyu mtoto," kaka alinisihi. "Kushinda maabarani na panya ni kazi gani?"

Msomaji, nakiri nilikuwa upande wa baba. Kemia ilinitoa jasho shuleni.

Siku ya pili tulikwenda Kakuma, kama kilomita 120, kumjulia hali mama wa mwalimu mwenzake. Mama huyo alituonyesha kovu refu tumboni. Miaka ya 1980 alipasuliwa kuondolewa uvimbe wa maji uletwao na tegu wa mbwa. Wakati huo Turkana ilikuwa kati ya mahali palipoathiriwa zaidi duniani na maradhi hayo. Uvimbe ulipoota tena hakupasuliwa. Alipewa vidonge vya albendazoli.

"Shangazi, unajua vilitoka wapi?" binti alidakia. Kumbe dawa hiyo ilitengenezwa miaka ya 1970 kuua minyoo ya mifugo! Hunasa protini ambayo mnyoo hujengea nyuzi nyembamba za chembe zake. Nyuzi zikivunjika, mnyoo hushindwa kufyonza sukari, akafa njaa. Mwaka 1986 ilichapishwa ripoti ya wagonjwa 12 wa Kenya waliopewa dawa hiyo kwa kuwa hawangeweza kupasuliwa. Yeye anataka kuwa mtu wa kutafuta kitu cha kunasa, na cha kukinasia.

Mama mzee alimsikiliza, akamshika mkono, hakuuachia.

Njiani kurudi, kaka alitoa hoja nzito. Shahada miaka minne, kisha uzamili, kisha uzamifu. Na kazi yenyewe haina hakika. Mkemia wa Zambia, Kelly Chibale, alianzisha kituo cha H3D katika Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2010. Dawa yao ya malaria ilifika hadi kujaribiwa kwa watu, kisha ikasimamishwa.

"Lakini kituo hakikufungwa," binti alijibu, akajiegemeza dirishani.

Kaka alinyamaza hadi tulipoziona taa za Lodwar.

"Na karo ya miaka hiyo yote?"

Binti alikuwa amelala. Nikabaki mimi wa kujibu.