Kodi ya Mafuta: Lori Litajiandikia Lenyewe?

Leo tuwaangalie madereva wa malori makubwa Marekani na Kanada, wakiwemo Wakenya wenzetu.

Kila miezi mitatu, mwenye lori linalovuka majimbo hujaza ripoti ya IFTA. Kodi huenda kwenye jimbo ambako mafuta yalichomwa, si yaliponunuliwa tu. Hesabu ni rahisi: maili 6,000 kwa galoni 1,000 ni maili 6 kwa galoni. Ukitembea maili 1,200 ndani ya Ohio, umechoma galoni 200 huko. Ulinunua 50 tu? Unadaiwa kodi ya 150.

Hiyo ni kazi ya programu, si ya kalamu na bahasha ya risiti. GPS inajua mpaka ulivukwa lini. Lakini lori la umeme halinunui dizeli, litatozwa nini? Oregon tayari hutoza malori mazito kwa maili na uzito. Naona wengine watafuata.

Hapo rekodi ya safari ndiyo itakuwa bili. Programu ikikosea, dereva atabisha kwa ushahidi gani? Mimi nasema apewe nakala yake, anayoweza kuisoma mwenyewe. Nyinyi mwaonaje?