Bomba la Moshi la Gari la Marehemu Baba

Marehemu baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliniachia sanduku la vitabu na gari dogo aina ya Datsun 1200 la mwaka 1973. Injini yake ina ujazo wa sentimeta za ujazo 1,171 tu, lakini mzee alilitunza kama mboni ya jicho. Kwa gari hilo nilijifunza kuendesha. Na kwa gari hilo hilo, ndugu msomaji, nilikaribia kuiangamiza familia yangu kwa kupenda mlio na kwa ubahili wa fedha.

Mambo yalianza wakati wa mvua kubwa za Desemba 2011. Jioni moja, nikitoka kazini, nililiingiza gari katika maji yaliyotanda bonde la Jangwani, Dar es Salaam, hali injini ikiwa na moto mkali. Maji baridi yaliirukia menifoldi, yaani kile chuma cha kumimina kinachoupokea moshi wa silinda zote nne na kuupeleka katika bomba moja lipitalo chini ya gari. Chuma cha kumimina huvumilia joto miaka mingi, lakini hakipendi kupozwa ghafula. Kikapata ufa, na kosa lilikuwa langu, si la gari.

Nilizunguka kwa wauza vipuri na kwa wauza vyuma chakavu bila mafanikio. Menifoldi moja tu niliyoiona ilikuwa na ufa mkubwa kuliko wa kwangu. Fundi wa mtaani akaichomelea ile ya zamani. Lakini chuma cha namna hiyo kisipopashwa moto taratibu kabla ya kuchomelewa, kisha kikaachwa kipoe taratibu, hufunguka tena. Nayo ilifunguka kabla ya mwezi kwisha.

Ndipo nilipoelekezwa kwa kijana mmoja aliyekuwa akiunda mabomba ya moshi kwa ajili ya magari madogo ya zamani. Alinieleza kazi yake kwa ufasaha. Katika menifoldi ya kawaida, alisema, moshi wa silinda nne husukumana kama abiria mlangoni mwa basi. Yeye huipa kila silinda bomba lake. Kwa kuwa silinda za injini ile huwaka kwa zamu ya 1, 3, 4, 2, huliunganisha bomba la kwanza na la nne, na la pili na la tatu, kisha mabomba mawili hayo huyaunganisha kuwa moja. Hivyo moshi wa silinda moja hauupingi moshi wa nyingine, bali ukipita kwa kasi huacha mvuto unaousaidia ule unaofuata. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, na hata leo siyakanushi.

Akanitajia bei mbili. Ya juu ilikuwa ya kutumia bapa nene la chuma pale mabomba yanapofungwa kwenye injini. Ya chini ilikuwa ya bapa jembamba. Nikauliza, "Tofauti itaonekana?" Akajibu, "Kwa macho haionekani, mzee." Nikachagua ya chini. Nikamwambia pia aondoe sailensa, maana mwanangu mkubwa alikuwa amenishawishi kwamba gari lenye mabomba kama yale sharti lisikike.

Nalo likasikika! Mtaani watu waligeuka kulitazama gari la mwalimu likinguruma, nami nikajiona kijana tena. Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma, lakini siku zile sikuwa na masikio ya methali.

Pasaka ya mwaka 2012 tulifunga safari ya kwenda Morogoro, mwendo wa kilometa 190 hivi, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka sita. Mvua ilikuwa ikinyesha, tukafunga vioo vyote. Kabla ya Chalinze mtoto alilalamika kuumwa kichwa. Nikasema ni njaa. Muda kidogo mama yake naye akashika kichwa. Nikasema ni mlio wa gari, tutauzoea. Tulipoipita Chalinze mtoto alitapika, kisha akalala usingizi mzito usio wa kawaida. Mama yake alimwita, asiitike.

"Baba, simamisha gari," alisema mke wangu. Hakupaza sauti, lakini katika miaka yote ya ndoa yetu sijapata kusikia amri iliyo nzito kuliko ile.

Tulimtoa mtoto nje, tukasimama chini ya mwembe huku mvua ikitunyeshea. Alipovuta hewa kwa muda alifumbua macho na kulia, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni mwangu. Tuliendelea polepole hadi zahanati, vioo vikiwa wazi. Muuguzi alipotusikiliza aliuliza swali moja tu: "Gari lenu linavuja moshi?" Kisha akatufahamisha kwamba ndani ya moshi wa petroli mna hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huing'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtoto hudhurika mapema kwa kuwa hupumua haraka kuliko mtu mzima. Kumbe harufu ya moshi mwingine tulikuwa tumekwisha kuizoea, na ile iuayo haikuwa na harufu kabisa.

Tuliporudi Dar es Salaam nililipeleka gari kwa fundi mzee wa Gerezani. Baada ya kuniitikia shikamoo yangu, aliyafungua mabomba, akaweka rula ya chuma juu ya lile bapa jembamba na kulielekeza kwenye jua. Mwanga ulipenya katikati. Bapa lilikuwa limepinda kwa joto, gasketi imeungua, na moshi ukivujia ndani ya boneti, kisha ukiingia kwetu kupitia matundu ya nyaya na sakafu iliyoliwa na kutu.

Mzee yule alikata bapa jipya la milimeta 10. Aliyachomelea mabomba hali bapa likiwa limefungwa kwenye silinda hedi kuukuu ili lisipinde, kisha akalisawazisha kwa tupa hadi rula isipitishe mwanga. Alikaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni, akawasha injini ipate moto, akaacha ipoe, akazikaza tena. Aliziba matundu yote na kuirudisha sailensa. Nilipouliza kama mlio utapungua sana, alinitazama na kusema, "Bomba la moshi si tarumbeta, mwanangu."

Je, gari liliongeza nguvu? Kidogo, hasa mlimani, na hilo ni baada ya kabureta kurekebishwa ili iafikiane na mabomba mapya. Silo lililokuwa la maana tena.

Binti yule sasa ni mtu mzima. Akipanda gari lolote, hata mvua ikinyesha, hushusha kioo upana wa vidole viwili, wala simkatazi. Nanyi wazazi wenzangu, nawaomba jambo moja: ikiwa watu wawili katika gari moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, msiseme ni njaa, wala msianze kuitafuta malaria. Simamisheni gari, fungueni milango, tokeni nje wote; kisha mwulizeni fundi habari za bomba la moshi kabla ya kuliwasha tena.