Tulitembea kando ya Mulongwe

Juma hili tulitembea kando ya mto Mulongwe, hapa Uvira. Hakuna aliyesahau Aprili 2020: mvua ilinyesha milimani, mto ukashuka na mawe, ukabomoa nyumba na kuchukua watu. Leo maji ni madogo, wamama wanafua, watoto wanaoga. Lakini ukingo bado unakatika. Penye mabingobingo na mianzi, mizizi imeshika udongo. Palipochimbwa mchanga, shimo linakaribia nyumba. Basi tuache nafasi kando ya maji, tupande majani na miti, tuweke njia ya miguu tu. Ndege watarudi, watoto watapata pa kuchezea. Mama, usikubali kujengewa pale mto ulipopita. Utarudi.