Baraka: Sabuni ilionekana nyuma ya gunia, mama akabaki na swali la kushitaki au kunyamaza

Mama mmoja mkimbizi wa ndani, aliyetoka upande wa Minembwe na watoto wake wanne na ambaye kwa sasa anaishi katika jamaa iliyompokea hapa Baraka, wilayani Fizi, alipitisha siku tatu bila kujua kama apeleke malalamiko au anyamaze. Mfanyakazi wa duka alikuwa amemwaga mfuko wake mbele ya wateja, akimshuku kuiba kipande cha sabuni.

Ilikuwa asubuhi, saa mbili hivi, duka likiwa limejaa. Mama alikuwa na binti yake wa kwanza, mwenye miaka 14. Walikuwa wameomba chumvi, mafuta ya kupika nusu lita na sabuni. Kijana anayeuza alihesabu vipande vya sabuni juu ya meza, akahesabu tena, akasema kimoja hakipo. Watu walikuwa saba au nane pale ndani. Aliyetazamwa ni mmoja.

"Mama, fungua huo mfuko," kijana alisema. Kabla mama hajajibu, mkono wake ulikuwa umekwisha kuuvuta. Akaumwaga juu ya meza: karatasi ya kituo cha afya ya mtoto mdogo, ndimu mbili, simu ndogo iliyofungwa na mpira, na vitambaa vya mwezi vya binti, ambavyo mama alikuwa amevikunja vizuri ndani ya nailoni. Nailoni ilifunguka. Baadhi ya wateja waligeuza macho. Wengine walicheka. Kijana akasema neno ambalo mama analikumbuka lilivyo: "Ninyi batu ba yulu muko na mikono mirefu."

Sabuni haikuwemo. Mama alirudisha vitu vyake, akamshika binti mkono, wakatoka haraka bila kununua kitu.

Jioni, mama anayeuza ndakala mbele ya duka hilo alipita nyumbani na kuwaambia kilichotokea baadaye. Walipoondoka tu, gunia la unga lilisogezwa, na sabuni ilikuwa nyuma yake. Kijana alicheka kidogo, akairudisha kwenye rafu, akaendelea kuuza. Hakuna aliyetumwa kumwita mama.

Hapo ndipo shida ilipoanza kweli. Kama sabuni isingeonekana, mama angesema ni bahati mbaya, amesingiziwa kama wengine wanavyosingiziwa. Lakini sasa ukweli ulikuwa unajulikana na watu wawili watatu, na wale saba au nane walikuwa wamekwenda nyumbani na habari moja tu: mwanamke wa milimani alipekuliwa dukani, akatoka mbio. Binti ndiye aliyelisema usiku, wakiwa wamelala: "Mama, sisi hatukuiba. Kwa nini tulikimbia?"

Tangu siku ile binti alikataa kutumwa dukani. Wakimpa faranga aende kununua kiberiti, anampa mdogo wake.

Mama mwenye nyumba, ambaye mgeni wake humwita yaya, hakutaka habari ya kushitaki. Sababu yake si ya uoga, ni ya daftari. Katika duka lile lile jamaa hiyo ina deni la faranga 38,000, lililoandikwa kidogo kidogo tangu wageni walipofika na sufuria kuongezeka. Anayejua maisha ya Fizi anaelewa uzito wa daftari hilo. Wakimbizi wengi wa ndani hawakai kambini, wanakaa katika nyumba za watu. Nyumba iliyokuwa na watu sita inakuwa na kumi na moja, shamba halijapanuka, na mwenye duka ndiye anayeziba pengo hadi mavuno au hadi mtu apate kibarua. Ukigombana na duka, hugombani na kijana wa mauzo, unagombana na chakula cha mwezi ujao. "Mdogo wangu," yaya alisema, "ukimshitaki, kesho ataniletea daftari hapa mlangoni."

Lakini yaya huyo huyo alikuwa na habari nyingine, na aliitoa bila kuombwa. Mwaka 1996 alivuka Ziwa Tanganyika akiwa msichana, akakaa Lugufu, mkoani Kigoma. Wengi wa Fizi walipita huko, wengine Nyarugusu. Walianza kurudi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005. Kule Tanzania, alisema, kulikuwa na duka ambamo kila kitu kikipotea, wa kwanza kuulizwa alikuwa mkimbizi. Hakushitaki hata siku moja. Alipoulizwa kama kunyamaza kulimsaidia, alichukua muda, kisha akasema bado anaikumbuka sura ya yule muuzaji, na imepita miaka karibu thelathini. Baada ya kusema hivyo alirudi kwenye deni lake.

Kijana mmoja jirani, mwanafunzi wa sheria aliyekatiza masomo, alisema jambo hili si dogo mbele ya sheria. Na kweli si dogo. Kanuni ya adhabu ya Kongo, kitabu cha pili, kifungu cha 74, inaadhibu kumsingizia mtu jambo linaloharibu heshima yake. Kifungu cha 75 kinaadhibu matusi ya hadharani, kifungo cha siku 8 hadi miezi miwili, au faini. Neno lile la "batu ba yulu" linaweza kufika mbali zaidi: kuna sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila. Na kupekua mfuko wa mtu ni kazi ya OPJ, si ya muuza sabuni. Katiba ya mwaka 2006 inampa kila Mkongomani haki ya kukaa popote nchini, kwa hiyo mama huyu si mgeni Baraka, hata kama analala kwenye mkeka wa mwingine.

Yote hayo ni kweli, na mama aliyasikiliza vizuri. Kisha akauliza ni nani atalipa. Kila aliyewahi kupeleka jambo polisi anajua swali hilo lilitoka wapi: kuna karatasi, kuna mafuta ya pikipiki ya kumpeleka mtu mwaliko, kuna kurudi kesho na kesho kutwa. Mwenye duka ana uwezo wa kurudi mara tano. Mama anayelima shamba la watu kwa kibarua, siku aliyokaa ofisini ni siku ambayo watoto hawakula.

Kijana mwingine alitoa wazo la simu: tuandike kwenye makundi ya WhatsApp, tutaje duka, watu waliache. Wazo hili ndilo lililomwogopesha mama kuliko yote, na alikuwa na haki ya kuogopa. Ndugu msomaji, unajua jinsi habari zinavyosafiri kati ya Baraka, Fizi na milima. Inaondoka ikiwa sabuni, inafika ikiwa kabila. Mtu wa kwanza atauliza, "Mama huyo ni wa wapi?" Wa pili atauliza kabila la kijana. Wa tatu hatauliza kitu, ataandika lake. Watu waliokimbia Minembwe, Itombwe na Bijombo walikimbia moto ambao mara nyingi ulitanguliwa na maneno ya namna hiyo. Ndiyo sababu hapa kabila la mama halitajwi, wala la kijana. Sabuni ilikuwa nyuma ya gunia, na gunia halina kabila.

Wapo waliouliza kwa nini asipeleke kwa mashirika, kwa kuwa kwenye ugawaji wa misaada kuna kamati na sanduku la malalamiko. Sanduku lile ni la msaada. Mfanyabiashara aliyechaguliwa kwenye maonyesho ya vocha akikupunja, hapo utalitumia. Duka hili ni la mtu binafsi, na faranga za mama zilikuwa za jasho lake.

Siku ya tatu, yaya alimpeleka kwa mzee mmoja wa mtaa ambaye watu huenda kukaa naye. Wababembe wanayo lubunga, mahali wazee wanapokaa kusikiliza maneno ya watu, na ingawa mjini lubunga imebaki mara nyingi kuwa viti vichache chini ya mwembe, kazi yake haijaisha. Mzee hakuuliza kabila. Hakuuliza pia kama mama aliiba. Aliuliza, "Mama, unatafuta nini? Afukuzwe? Alipe? Afungwe?"

Mama hakuwa na jibu tayari, na hili lafaa kusemwa, kwa sababu wote waliomshauri walikuwa wamempa njia bila kumuuliza anakwenda wapi. Alifikiri. Akasema hataki kijana afukuzwe, maana hajui nyumbani kwao wanakula nini. Hataki faranga. Anataka wale waliomwona akipekuliwa wajue kwamba sabuni ilionekana.

Mzee akasema hilo halihitaji polisi, linahitaji mwenye duka, na lisipelekwe asubuhi mbele ya wateja. Waende jioni, watu watatu tu: mama, yaya, na yeye mzee.

Mwenye duka aliwapokea vizuri, akatoa viti. Hakuwa na habari ya jambo lile, au alisema hana. Aliposikia, alimwita kijana. Kumbe ni mtoto wa dada yake, na yeye pia amekimbia, kutoka upande wa Lulimba, miezi michache iliyopita. Analala ndani ya duka, kati ya magunia. Kila kitu kinachopotea kinakatwa kwenye mshahara wake, na mwezi uliotangulia alikatwa mafuta bido moja. Habari hiyo haikufuta alichomfanyia mama, lakini yaya alisema baadaye kwamba aliposikia, hasira yake ilipungua nusu. Ya mama haikupungua. Alisema yeye pia amelala kati ya magunia, na hajamwaga mfuko wa mtu.

Kijana alisema, "Mama, unisamehe," akitazama chini. Mwenye duka akachukua sabuni mbili kutoka kwenye rafu akazisukuma mbele ya mama.

Mama hakuzigusa. Akasema, "Baba, nikitoka hapa na sabuni mkononi, watasema ni ile ile." Akarudia ombi lake: kijana aseme asubuhi, duka likiwa na watu, kwamba sabuni ilikuwa nyuma ya gunia.

Hapo mwenye duka alisita. Msamaha wa usiku ni rahisi. Wa mchana una gharama, kwa sababu mteja akisikia kwamba duka hili humwaga mifuko ya watu wasio na kosa, kesho atapita mbele yake aende la jirani. Alisema ataona. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba habari ya daftari la yaya isiwe na wasiwasi. Yaya alishukuru. Mzee alikohoa tu, na walipokuwa njiani akasema neno la daftari lilitajwa haraka mno, kama mtu anayelipia kitu.

Siku mbili zilipita. Yaya alisema liishie hapo, wameombwa msamaha, watu wangapi wanapata hata huo? Mama alikuwa karibu kukubali. Aliyekataa ni binti. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba yeye hajaombwa msamaha, na vile vitu vilivyoanguka vilikuwa vyake.

Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria, hata mzee.

Asubuhi iliyofuata binti mwenyewe alisema atakwenda kununua chumvi. Mama alimfuata, akabaki nje karibu na meza ya ndakala. Ndani kulikuwa na wateja wanne. Wawili hawakuwepo siku ile. Kijana alimtambua msichana, akapima chumvi, akafunga, kisha akasema, si kwa sauti kubwa, lakini ilisikika hadi nje: "Ile sabuni ya siku ile ilikuwa nyuma ya gunia. Nilikosea mimi. Unisamehe, dada."

Mama wa ndakala akauliza kutoka mezani kwake, "Na wale wengine waliokuwepo, nani atawatafuta?"

Kijana hakujibu. Msichana alitoa noti ya faranga 1,000 iliyochanika pembeni, ya namna ambayo maduka hukataa. Aliipokea bila kuigeuza. Msichana alihesabu chenji yake mara mbili juu ya meza, polepole, kila mtu akiona, akaiweka ndani ya mfuko, akatoka.

Sabuni walinunua kwingine, karibu na ziwa.