Picha Isiyo na Mtu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nilikuwa nikiikariri kwa ajili ya mtihani tu, hadi siku nyanya aliponiomba picha.

Ndugu msomaji, nyanya alikuwa akiishi kandokando ya Ziwa Nakuru. Mwaka 2020 maji yalivuka ua wa mbuga, yakaingia shambani, kisha jikoni. Alihamia kwetu na kuku wake na godoro moja.

Likizo ya Agosti mwaka jana akaniambia, "Mjukuu wangu, hebu nitafutie picha ya kule kwangu, nione ule mparachichi." Nilipekua albamu yote. Picha za harusi, za ubatizo na za Krismasi zilikuwa tele, lakini zote zilijaa nyuso za watu. Nyumba ilionekana pembe, mti ukaonekana tawi. Nyanya alicheka, kisha akanyamaza. Kimya chake kilinichoma moyo.

Nilimsimulia mwalimu wetu wa Jiografia. Akanieleza kuwa mwaka 2010 ziwa letu lilikuwa na ukubwa wa kilomita mraba kama 40, na kufikia 2020 lilikuwa limepita 60. Setilaiti huyaona hayo kutoka juu, lakini jiko la nyanya hailijui. Akaniambia pia kwamba huko Australia, mwaka 2017, ulianzishwa mpango uitwao CoastSnap. Kishikio cha chuma huwekwa ufuoni, na mpita njia yeyote huegesha simu yake hapo, akapiga picha na kuituma. Wataalamu huzilinganisha picha hizo wakajua mchanga umeliwa kiasi gani.

"Sisi kishikio hatuna," mwalimu akasema, "lakini mawe ya kusimamia yapo."

Basi Jumamosi iliyofuata nikachukua simu ya mamangu, nikasimama juu ya jiwe moja karibu na pale nyumba ilipozama. Marafiki zangu wakajipanga mbele, meno nje! Mwalimu alipoiona picha aliuliza, "Na ziwa liko wapi?" Niliona haya kwelikweli. Tangu siku hiyo nafuata masharti manne: mahali pale pale, upande ule ule, saa ile ile, na kitu kisichohama ndani ya picha. Changu ni nguzo ya stima iliyoachwa majini. Tarehe naiandika daftarini.

Februari maji yalirudi nyuma hatua kadhaa. Nyanya akafurahi, akanoa jembe, ati anarudi kwake. Mvua za masika zikaja. Mwezi wa Mei nikampangia picha zote mezani, moja baada ya nyingine. Alizitazama kwa muda mrefu, akiifuata ile nguzo kwa kidole. Mwishowe akasema, "Lirudishe jembe stoo."

Picha hazikumrudishia shamba, la hasha. Ila zilimzuia kujenga tena ndani ya maji.

Wenzangu, sote twapenda kupigwa picha. Leo ukienda nyumbani, wasogeze watu kando, upige picha moja ya mto, kilima au msitu ulio karibu nawe. Andika tarehe. Mwezi ujao simama papo hapo tena. Siku moja nyanya wa mtu ataiulizia.