Mumbai: Visiwa Saba Vilivyokuwa Mji Mmoja

Mji wa Mumbai, ambao hadi mwaka 1995 ulijulikana kwa jina la Bombay, si mgeni masikioni mwa watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Katika siku za majahazi, upepo wa kaskazi ulileta nguo za India hadi Mombasa, Lamu na Unguja, na kusi ilipoanza kuvuma majahazi yalirudi na pembe za ndovu na karafuu. Baadaye zikaja meli za moshi, na katika miaka ya 1950 meli mbili, Kampala na Karanja, zilikuwa zikienda na kurudi baina ya Bombay na Mombasa zikichukua abiria na shehena. Hata fedha ya matumizi katika Kenya ilikuwa rupia ya India mpaka mwaka 1920. Kwa hiyo yafaa watu waujue mji huu, maana katika habari zake mna mafunzo kwa kila alimaye na kila auzaye.

Ardhi iliyotoka baharini

Mgeni akiitazama ramani ataona ulimi mrefu wa nchi ulioingia baharini. Upande wa magharibi ni bahari kuu, na upande wa mashariki ni ghuba pana ambamo meli hutia nanga kwa salama. Walakini ulimi huo haukuwako zamani. Palikuwa na visiwa saba vidogo, na baina yake matope na mabwawa. Maji yalipojaa mtu hakuweza kuvuka ila kwa chombo. Wenyeji wa visiwa hivyo walikuwa wavuvi waitwao Wakoli, na jina la Mumbai latokana na Mumbadevi, mungu wa kike aliyeabudiwa huko.

Mwaka 1534 Wareno walivipata visiwa hivyo kutoka kwa Sultani wa Gujarat. Mwaka 1661 Mfalme Charles II wa Uingereza alipatana kumwoa Catherine wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno. Kwa desturi ya Ulaya ya siku zile mali ilitoka upande wa bibi arusi, na Bombay ilikuwa sehemu ya mali hiyo. Mwaka 1668 mfalme aliikodisha kwa Kampuni ya India ya Mashariki kwa kodi ya pauni 10 kwa mwaka.

Hapo ndipo kazi kubwa ya kuifukia bahari ilipoanza kidogo kidogo. Katika miaka ya 1780, wakati wa Gavana William Hornby, ukuta ulijengwa kuzuia maji yaliyokuwa yakipita baina ya kisiwa cha Bombay na kile cha Worli. Vilima vilichimbwa, na udongo wake ukamwagwa katika mabwawa. Mwaka 1845 barabara ya tuta ilifunguliwa kutoka Mahim kwenda Bandra, ikauunganisha mji na nchi ya kaskazini. Majina ya magavana yameandikwa vitabuni. Majina ya waliobeba udongo hayakuandikwa, lakini mgeni hukanyaga kazi yao kila atiapo mguu wake.

Pamba na bei yake

Tarehe 16 Aprili 1853 gari moshi la kwanza la abiria katika India liliondoka Bombay kwenda Thane, mwendo wa maili 21. Reli iliyofuata iliingia bara na kuleta marobota ya pamba hadi bandarini. Mwaka 1861 vita vilizuka katika Marekani, na viwanda vya nguo vya Uingereza vikakosa pamba ya huko. Bei ya pamba ya India ikapanda mno. Fedha ilimiminika Bombay, hata watu wakanunua hisa za makampuni yaliyoahidi kuuza viwanja ambavyo bado vilikuwa chini ya maji. Mwaka 1865 vita vilikwisha, bei ikaanguka, na mabenki na matajiri wengi wakafilisika. Mkulima wa pamba au kahawa hahitaji kufafanuliwa jambo hilo: bei iliyopandishwa na vita vya watu wengine hushuka siku vita hivyo viishapo.

Gavana wa Bombay wakati huo alikuwa Sir Bartle Frere, ambaye siku zake kuta za ngome ya kale zilibomolewa ili mji upanuke. Jina lake ndilo lililopewa Frere Town, karibu na Mombasa, mahali palipoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Miongoni mwa wakazi wake wa kwanza walikuwamo Waafrika waliookolewa na manowari za Kiingereza, wakapelekwa Bombay na kusomeshwa Nasik, kisha wakarudi Afrika. Jacob Wainwright, mmoja wa waliouchukua mwili wa Livingstone hadi pwani, alisoma huko Nasik.

Mambo ya kutazama

Mgeni afanya vyema kufika baina ya Novemba na Februari, maana tangu Juni hadi Septemba mvua ni nyingi mno. Mahali pa kuanzia ni lango kuu la mawe lililoko ukingoni mwa maji, lililojengwa kwa kukumbuka ziara ya Mfalme George V ya mwaka 1911, likamalizika mwaka 1924. Tarehe 28 Februari 1948 askari wa mwisho wa Uingereza walipita langoni humo wakipanda meli kurudi kwao. Kando yake ni Hoteli ya Taj Mahal, iliyofunguliwa mwaka 1903 na Jamsetji Tata. Kutoka hapo mashabaha madogo ya injini huvuka ghuba hadi kisiwa cha Elephanta, penye mapango ya ibada yaliyochongwa katika mwamba zamani sana. Upande wa magharibi, kaburi la Haji Ali na msikiti wake viko katikati ya maji. Njia ya kwenda huko hufunikwa maji yanapojaa, nao waendao kuzuru hungoja yakupwe.

Kabla ya saa sita mchana mgeni asikose kusimama karibu na stesheni kubwa ya reli. Ataona watu waliovaa kofia nyeupe wakishusha vyombo vya chakula kwa maelfu. Ni chakula kilichopikwa nyumbani asubuhi, kinachopelekwa kwa makarani na wafanya kazi maofisini. Kila chombo kina alama ya rangi, herufi na tarakimu. Wachukuzi wake wengi hawakusoma sana, lakini kupotea kwa chombo ni jambo la nadra. Kazi hiyo imeendelea tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Bandari yenyewe imepatwa na mengi. Tarehe 14 Aprili 1944 meli iitwayo Fort Stikine, iliyopakia pamba pamoja na baruti, ilishika moto na kulipuka gatini. Mamia ya watu waliuawa, wakiwamo wazima moto wengi, na kila mwaka tarehe hiyo India huwakumbuka. Tangu mwaka 1989 shehena nyingi za makasha hupita katika bandari mpya ya Nhava Sheva, ng'ambo ya ghuba. Viwanda vya nguo navyo vilidhoofika baada ya mgomo mkubwa wa mwaka 1982, na mahali vilipokuwa pengi pamesimama maghorofa marefu.

Maji yadai mahali pake

Tarehe 26 Julai 2005 mvua ya milimita 944, yaani zaidi ya inchi 37, ilinyesha kaskazini mwa mji kwa siku moja tu. Mto Mithi, ambao kingo zake zilikuwa zimefukiwa na kujengwa, haukuwa na njia ya kutosha kufika baharini. Maji yaliingia majumbani, magari yakazama, na mamia ya watu walikufa. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Bombay ilizuia kukatwa kwa mikoko, kwa kuwa mikoko hushika udongo na kupunguza nguvu za maji.

Walakini kufukia bahari hakukukoma. Barabara mpya ya pwani, iliyoanza kufunguliwa mwaka 2024, imepita juu ya ardhi iliyofukiwa. Wavuvi Wakoli wa Worli walilalamika kwamba nguzo za daraja lake zimekaribiana mno kwa mashua zao, na baada ya mashindano marefu wakubwa wa mji walikubali kuipanua nafasi. Hivyo wenyeji wa kwanza wa visiwa saba wangali wako, na wangali wanavua.

Mji wa Mumbai waonyesha kwamba mikono ya watu yaweza kuumba nchi mahali pasipokuwa na nchi. Waonyesha pia kwamba aliyepata ardhi kwa kuyafukuza maji hana budi kuyaachia maji njia yao. Mkulima aachaye mfereji wazi kandokando ya shamba lake amekwisha kulijua hilo, na mji wenye mamilioni ya watu bado wajifunza.