Karafuu Zetu, Kibali Chao

Nikiwaambia vijana wa Pemba wa leo kwamba gunia la karafuu lilikuwa haliondoki kijijini bila karatasi ya serikali, hudhani natia chumvi. Sitii. Katikati ya miaka ya 1980 nilikuwa kijana upande wa Wete, na msimu wa kuchuma ulipofika nilikuwa mkono wa ami yangu. Yeye juu ya mkarafuu, mimi chini na pakacha. Usiku nyumba nzima tulichambua, karafuu huku, makonyo kule. Kulipokucha tukaanika majamvini.

Tangu mwaka 1968 mnunuzi alikuwa mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na ndilo peke yake lililokuwa na ruhusa ya kuuza karafuu nje. Bei ilitangazwa na serikali. Indonesia, walikozitia karafuu kwenye sigara, walilipa fedha za kigeni, na aliyeukwea mti akafikiwa na sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Jambo la mkulima kuomba kibali cha kuuza ng'ambo halikuwapo. Kibali alichoweza kupewa ni cha kuzitoa karafuu kijijini.

Msimu mmoja mvua ilitukuta karafuu zikiwa nusu kavu. Kijiji cha pili shemeji yake ami alikuwa na sakafu ya saruji chini ya bati, mahali pa kuziokoa. Lakini kuzihamisha kulitaka kibali, na mwenye kukitia sahihi alikuwa amesafiri. Tulingoja. Karafuu zikapata joto ndani ya magunia, zikapauka, zikanyauka. Kwenye kituo cha Shirika cha kununulia zilipimwa kwa daraja la chini kabisa. Shangazi, aliyekuwa akingojea fedha hizo alipe deni la dukani, alirudi nyumbani bila kusema neno.

Ilhali usiku mashua za karafuu zilikuwa zikivuka kwenda Shimoni na Mombasa, kwenye bei nzuri kuliko ya kituo. Barabarani palikuwa na vizuizi, magari yakipekuliwa hadi chini ya viti. Baharini palikuwa na doria. Watu walikamatwa, wakafungwa, na bado mashua zikavuka. Tulipomuuliza ami kwa nini na yeye asivushe, alijibu: "Mikarafuu hii kaipanda babu yenu. Vipi nizichukue karafuu zake usiku kama mwizi?"

Jibu hilo nimelibeba umri wangu wote, kwa sababu ami hakuwa na ugomvi na serikali. Alitaka tu zao lake liende mchana.

Mwaka 2011 serikali ilipandisha bei hadi shilingi 15,000 kwa kilo, ikaahidi mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Mnunuzi alibaki yule yule. Lakini niliona kwa macho yangu watu wakipanga foleni vituoni na magunia yao, kweupe, na wale waliokuwa wakitafuta nahodha wa usiku wakitafuta nafasi mbele ya mizani.

Serikali ina haki ya kulinda ubora wa zao na mapato ya nchi. Basi anayetoa kibali akitoe siku kinapoombwa, na bei imtazame anayepanda mti. Wakulima wa Pemba ninaowajua hawajawahi kudai zaidi ya hayo.